Kompyuta inajizima ghafla na haiachi faili la kueleza sababu

SWALI

Mjomba Fundi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Ujiji, Kigoma. Barazani kwangu nimefungua steshenari ndogo: nachapa barua za maombi ya kazi, mitihani ya shule za jirani na kadi za harusi, na natoa kopi. Kompyuta yangu ni ya mezani, mtumba, ina Windows 10 na RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 8. Printa ni ya leza, ile ya nyeusi na nyeupe. Vyote nimevichomeka kwenye ekstensheni moja kwa sababu baraza lina soketi moja tu.

Mjomba, hii kompyuta inajizima na kujiwasha yenyewe. Haileti skrini ya bluu wala maandishi yoyote. Uko katikati ya sentensi, mara kioo cheusi, kisha unaona inaanza kuwaka upya kama vile hakuna kilichotokea. Kazi ambayo hukuisevu ndiyo imekwenda. Juzi mwalimu wa taaluma alikuwa amekaa kwenye benchi anasubiri mtihani wake. Nimebofya tu kuprinti, printa ikaanza kuunguruma, kioo kikazima. Alinitazama hivi, akasema atapeleka kazi Mwanga, hapa hapa Kigoma.

Fundi ameshapiga Windows zaidi ya mara moja. Ikitoka kwake inatulia kidogo, halafu inarudia. Aliifanya pia iwe nyepesi: alizima kitu kinaitwa virtual memory, akaniwekea programu ya kusafisha takataka, nami naiendesha kila jioni nikifunga kazi.

Mdogo wangu yuko chuoni Dodoma. Aliniambia Windows ikianguka huwa inaacha faili la kueleza sababu, nikatafute C, kisha Windows, kisha Minidump. Folda tupu. Akaniambia nitafute MEMORY.DMP, halipo. Akanielekeza kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows, huko nikakuta alama nyekundu nyingi zimeandikwa Kernel-Power 41. Fundi kuona neno Power akasema pawa sapulai, kile kisanduku cha kugawa umeme ndani ya kompyuta, imekufa, ninunue mpya. Fundi wa pili anasema RAM. Jirani yangu anasema kuna virusi vinafuta hilo faili.

Kingine, sijui kama kina maana: nikichomoa waya usiku, asubuhi tarehe inakuwa imerudi nyuma miaka mingi, naiseti upya. Lakini ikijizima yenyewe mchana, saa inabaki sawa.

Sasa nani anafuta hilo faili? Na nianze kununua kitu gani? Au niachane nayo, niombe mkopo kikoba ninunue nyingine?

Mama Steshenari, Ujiji

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa huyo mwalimu aliyekukimbia. Barua yako imejitosheleza kuliko maelezo ninayoletewa na baadhi ya mafundi, na ile aya ya saa uliyoibandika mwishoni ndiyo imenisaidia zaidi. Nitaifikia.

Tuanze na faili. Kuna uwezekano mkubwa hakuna anayelifuta, kwa sababu halijawahi kuandikwa. Windows ikikumbana na kosa isiloweza kulivuka, inasimamisha kila kitu, inaleta skrini ya bluu, kisha inamwaga yaliyomo kwenye RAM ndani ya faili moja kubwa lililojificha kwenye diski C, linaitwa pagefile.sys. Kompyuta ikishawaka tena ndipo Windows inayachota humo na kuyahifadhi kama faili la dmp. Kwa hiyo Windows inatakiwa iwe hai hadi itambue kosa, umeme uendelee kuwepo wakati inaandika, diski iitike, pagefile iwepo, na baada ya hapo asitokee mtu na ufagio. Mlinzi aliyepigwa rungu la kisogo haandiki kitu kwenye daftari la zamu, na hapo hatusemi kuna mtu kachana kurasa.

Kwako wewe, fundi alishaharibu mambo mawili kabla hatujaanza. Hiyo virtual memory aliyoizima ndiyo pagefile yenyewe. Kompyuta yako hata ingeanguka kwa kosa la dreva (programu inayoendesha kifaa) lililo wazi, isingekuwa na pa kuandikia. Na kama ingeandika, ile programu ya jioni ingefagia, maana programu za namna hiyo zinahesabu faili za dmp kuwa takataka. Hata Windows yenyewe, kwenye kompyuta ya nyumbani, hufuta MEMORY.DMP nafasi kwenye diski ikipungua chini ya GB 25. Virusi tuviache.

Halafu hiyo 41. Mafundi wengi wanaona neno Power wanakimbilia kuuza pawa sapulai, na hili limeshawala watu hela nyingi. Tukio namba 41 linaandikwa baada ya kompyuta kuwaka, na linachosema ni kimoja tu: mara ya mwisho sikuzimwa kwa utaratibu. Umeme ukikatika utaliona, kompyuta ikiganda ukashikilia kitufe utaliona, skrini ya bluu ikitokea utaliona vilevile. La maana liko ndani yake. Libofye, nenda palipoandikwa Details, tafuta BugcheckCode. Ikiwa 0, Windows haikujua kilichoipata. Ikiwa namba nyingine, basi kulikuwa na kosa la skrini ya bluu hata kama faili halikupatikana, na namba hiyo inakupa pa kuanzia: 292 ni vifaa vyenyewe vilivyolalamika, prosesa ikiwemo, 122 ni Windows iliyoshindwa kusoma data yake kutoka kwenye diski, 26 ni mambo ya kumbukumbu, na mara nyingi hapo unaanza kuitilia shaka RAM. Chini yake kuna PowerButtonTimestamp. Hiyo isipokuwa 0, kuna mtu alishikilia kitufe cha kuwashia. Una watoto wawili nyumbani, mimi ningeangalia.

Angalizo la tarehe: kwa kuwa saa yako inarudi nyuma, baadhi ya matukio yatakuwa yamejiandika kwa miaka ya zamani. Usiyatafute ya leo kwenye leo peke yake.

Kabla ya kugusa kitu chochote, nakili kazi zako zote kwenye flashi. Kompyuta inayokatika hovyo namna hiyo ipo siku itaharibu faili ikiwa katikati ya kuandika, na siku hiyo utaulilia mtihani wa mwalimu zaidi ya kompyuta.

Sasa mrudishie mlinzi kalamu yake. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, ingia kwenye Advanced. Kwenye sehemu ya Performance bofya Settings, kisha Advanced, kisha Change iliyo chini ya virtual memory. Weka tiki pa juu kabisa ili Windows isimamie yenyewe. Rudi nyuma, fungua Settings ya Startup and Recovery. Chagua Small memory dump, na ondoa tiki kwenye Automatically restart. Washa upya. Programu ya kusafisha ipumzike mpaka tumalize, na mimi ningeifuta moja kwa moja.

Hiyo tiki ya mwisho ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Windows ya kawaida imewekwa ijiwashe yenyewe ikianguka, na kama monita yako ni ya zamani, inayochelewa kuleta picha, skrini ya bluu inaweza kupita usiione. Ukiiondoa tiki, skrini ya bluu ikija itabaki hapo inakusubiri, unaipiga picha kwa simu. Lakini ikiwa tiki haipo, na bado kompyuta inakata na kujiwasha, basi aliyeiwasha si Windows. Kilichotokea kimetokea chini yake, kwenye umeme, pawa sapulai, joto au ubao mkubwa (motherboard), na hapo hata upige Windows kila Jumatatu hakitabadilika kitu.

Ukitaka uhakika kwamba sasa inaweza kuandika, kuna programu ndogo ya bure kutoka Microsoft, inaitwa NotMyFault, ipo kwenye mkusanyiko wa Sysinternals. Kazi yake ni kuiangusha Windows kwa makusudi. Sevu kila kitu, funga kila kitu, iangushe, tulia mpaka asilimia zifike 100, kisha iwashe tena ukatazame Minidump. Faili likiwepo, umepata mlinzi mwenye kalamu. Lisipokuwepo, rudi Event Viewer utafute chanzo kinachoitwa volmgr, namba 161 au 46. Ya 46 maana yake Windows ilishindwa hata kujiandaa kuandika, kwa hiyo hakiki tena ile pagefile; ya 161 maana yake ilitaka kuandika ikashindwa, na hapo macho yako yahamie kwenye diski na waya wake mwembamba wa data, ambao kwenye kompyuta za mtumba huwa umelegea tu.

Haya, saa. Ndani ya kompyuta yako kuna betri ya duara ya volti 3, imeandikwa CR2032, na imekwisha. Inauzwa hata kwenye maduka ya saa. Lakini usiibadilishe kwanza, maana kwa sasa inatutolea ushahidi. Betri hiyo ikifa, saa inaendelea kutembea kwa umeme mdogo ambao pawa sapulai huutoa muda wote waya ukiwa umechomekwa, hata kompyuta ikiwa imezimwa. Ndiyo maana ukichomoa usiku, tarehe inapotea. Na ndiyo maana ikijizima mchana saa ikabaki sawa, tunajua umeme haukukatika kabisa na waya haukuchomoka. Kilichopita ni kitu cha kufumba na kufumbua: umeme ulishuka kidogo ukarudi, au pawa sapulai iliyumba ikajirekebisha, au ubao ulijiwasha upya.

Na hapo namkumbuka mwalimu wako kwenye benchi. Kioo kilizima printa ilipoanza kuunguruma.

Printa ya leza ina kifaa cha kuchomea wino wa unga kwenye karatasi, mafundi wanakiita fyuza, na kinatakiwa kifike karibu nyuzi 200 za Selsiasi. Kikianza kupasha moto kinavuta umeme kwa mkupuo, wati mia kadhaa na kuendelea, wakati kompyuta ya mezani ya ofisi ikiwa kwenye kazi ya kuchapa mara nyingi haifiki hata wati 100. Vyote viwili viko kwenye ekstensheni moja, na kama ni ile ya waya mwembamba yenye adapta iliyolegea, umeme wa kompyuta unashuka kwa sehemu ya sekunde. Pawa sapulai nzima inavumilia pengo la milisekunde kama 16 hivi kwa akiba iliyo kwenye kapasita zake. Iliyochoka haifiki huko. Inauambia ubao kwamba umeme si wa kuaminika, ubao unajiwasha upya, na Windows haipati hata nafasi ya kusema kwaheri. Folda tupu, saa sahihi. Vyote viwili vinalingana na barua yako, na BugcheckCode ningetarajia iwe 0.

Sijasema nimeshapata jibu. Umesema pia inakata ukiwa katikati ya sentensi, na hukuniambia kama saa hizo printa ilikuwa inajiamsha, au friji la ndani liliwaka, au kama kuna jamaa wa kuchomelea mageti karibu na kwako. Kigoma iliishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli, kwa hiyo nyie hamhitaji mtu wa Tabora kama mimi awafundishe umeme unaoyumba ukoje. Ila taa zisikudanganye: balbu nyingi za LED zinameza mshuko mdogo bila kupepesa, huku kompyuta imeshakufa.

Jaribio lisilokula karatasi ni hili. Kompyuta ikiwa imewaka bila kazi yoyote, zima printa iliyopoa, kisha iwashe. Nyingi zinapasha fyuza pale pale zikiamka. Rudia, uone kama kompyuta inakufa. Kisha hamisha printa kwenye soketi ya chumba kingine kwa ekstensheni yake nene, kompyuta ibaki peke yake kwenye soketi ya baraza, urudie. Ikifa vikiwa pamoja na isife ukivitenganisha, umeshajibiwa bila kununua kitu. Ikifa kote, hata printa ikiwa imezimwa kabisa, ndipo pawa sapulai inapoingia kwenye orodha, na hata hapo unaiazima kabla ya kuinunua. Kompyuta nyingi za mezani za ofisi zina pawa sapulai yenye plagi za kampuni yao tu, ya dukani haiingii, kwa hiyo azima kutoka kwenye kompyuta ya aina ileile.

Usiifungue pawa sapulai yenyewe. Kapasita zilizomo zinashika umeme hata baada ya kuchomoa. Na kama nyuma kuna swichi nyekundu yenye 115 na 230, iache kwenye 230. Ukiisogeza kwenye 115 kwa umeme wetu utasikia mlio mmoja tu.

Joto ningelichunguza nikifungua kifuniko kwa ajili ya betri. Vumbi jekundu linajaza mapezi yaliyo chini ya feni mpaka hewa haipiti. Lakini dalili zake ni tofauti na zako: kompyuta iliyochemka huzima moja kwa moja ikagoma kuwaka mpaka ipoe. Yako inajiwasha papo hapo. Piga blowa, shikilia feni isizunguke, endelea.

RAM nayo ina nafasi yake, sijaisahau. Andika mdsched kwenye Windows na R, iache ijipime, au chomoa kipande kimoja utumie kingine kwa siku kadhaa. RAM mbovu kwa kawaida inaleta skrini za bluu zenye namba zinazobadilika badilika, na sasa mlinzi ana kalamu, utaziona.

Kuhusu kununua. Ukithibitisha ni umeme, kitu cha kwanza ni UPS ndogo, kifaa chenye betri ya akiba, na humo unachomeka kompyuta na monita tu. Printa ya leza usiiweke kwenye UPS hata dakika moja. Fyuza ikiamka itaizidi nguvu, italia, itazima vyote. Stabilaiza ya friji pia haichukui nafasi ya UPS. Inarekebisha umeme ulio chini kwa muda mrefu, lakini haina akiba ya kuziba pengo, na zile zinazogonga tak-tak zikibadilisha, huko kugonga kwenyewe kunaweza kuizima kompyuta yenye pawa sapulai iliyochoka.

Kikoba waache kwa sasa. Badilisha betri ya saa ukishamaliza majaribio, tenganisha printa, kisha niandikie BugcheckCode ya mara ya mwisho iliyoanguka na kama tiki ya Automatically restart ilikuwa imeondolewa. Na mwalimu wa taaluma mtumie ujumbe kwamba mitihani unapokea.